Kutoka Ubaoni Hadi Ngozini: Tahakiki ya Bad Boys and Tough Tattoos

Samuel Steward alipata shahada ya uzamivu katika Kiingereza kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, mwaka 1934. Alifundisha fasihi vyuoni kwa takriban miaka ishirini, kisha akawa mchora tatuu. Kitabu chake, Bad Boys and Tough Tattoos, kilichotoka mwaka 1990, kinasimulia kazi hiyo ya pili kati ya 1950 na 1965. Ni rahisi kukisoma kama kisa cha msomi aliyechoshwa na ubao akakimbilia sindano. Tahakiki hii inapinga usomaji huo. Naona kwamba Steward alibadili kazi bila kubadili jicho, na kwamba ubora wa kitabu hiki na kasoro yake kubwa vinatoka katika chemchemi hiyo moja.

Mandhari ni Chicago, upande wa kusini wa barabara ya State. Wateja wake wengi walikuwa mabaharia vijana kutoka kituo cha mafunzo cha jeshi la wanamaji cha Great Lakes, pamoja na vijana wa magenge ya mitaani. Kwa muda alikuwa watu wawili: Daktari Steward katika Chuo Kikuu cha DePaul, na "Phil Sparrow" dukani. Jina hilo la kujifichia lenyewe linamfichua. Aliyesoma fasihi ya Kiingereza atamkumbuka mara moja shomoro wa shairi la John Skelton. Hata alipokuwa akijificha asionekane na chuo, alijifunika shuka la maktaba. Kazi yake ya chuoni ilikoma mwaka 1956, na tangu hapo sindano ndiyo iliyomlisha.

Sehemu yenye uzito zaidi kimaudhui ni ile inayochunguza kwa nini watu huchorwa. Mtafiti Alfred Kinsey ndiye aliyemhimiza kuweka kumbukumbu za wateja wake, na kumbukumbu hizo ndizo uti wa mgongo wa kitabu. Steward anaainisha sababu: mapambo, kufuata kundi, ushindani, sherehe, kutangaza kwamba mtu fulani ni wangu, hata hatia inayotafuta adhabu. Hapa namtambua mwalimu wa fasihi. "Kwa nini mhusika huyu ametenda hivi?" ndilo swali tunaloulizwa katika kila mtihani wa riwaya. Tofauti ni kwamba mhusika wa Steward amekaa kitini akitokwa na jasho, na mkono ukiteleza hakuna kifutio. Lugha yake pia inafaa kazi hiyo. Ni nyepesi, yenye kejeli, wala haijaribu kuipamba biashara ya damu na wino ionekane takatifu.

Lakini jicho hilohilo linakiponza kitabu. Kichwa chake tayari kimewahukumu wateja kuwa vijana watukutu. Wao wanalipa, wanavumilia maumivu, wanaondoka. Yeye anabaki na daftari. Zaidi ya hayo, Steward alipenda wanaume, na zama zake zilimlazimu kuificha siri hiyo kazini. Kwa hiyo anawatazama wateja kwa macho mawili, la mtafiti na la mpenzi, na yote mawili huona mwili kwanza. Kifua cha baharia tunakifahamu vizuri kuliko baharia mwenyewe. Mwanafunzi darasani angalau anaweza kunyoosha mkono na kumpinga mwalimu. Katika kitabu hiki ni nadra kijana aliyechorwa kupata nafasi ya kueleza sababu yake mwenyewe bila Steward kumtangulia na jina la kundi lake.

Kwa nini kitabu cha Chicago kitusumbue sisi wanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala? Kwa sababu kila siku tunaulizwa, "Kiswahili kitakulisha nini?" Mwenzetu mmoja aliacha masomo mwaka wa pili akaenda mjini kujifunza kuchora tatuu. Tulianza kumzungumzia kama marehemu. Wengine walitoa methali: mwacha asili ni mtumwa. Nikimsoma Steward naona tulikuwa tunauliza nusu ya swali. Tuliuliza ameacha nini; hatukuuliza amebeba nini.

Na lugha tunayoisomea haikuiona kazi hii kuwa ya kuokoteza. Ina kitenzi kutoja, ina nomino tojo, chale na nembo. Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji walichanja nembo usoni na mwilini na kuzipaka masizi, na kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake. Ulinganisho huu unaangaza pengo la kitabu. Fundi wa nembo alipewa sababu na jamii. Steward ilimbidi aitafute kwa mteja mmoja mmoja. Kitabu kinachojitambulisha kuwa historia ya kijamii kingepaswa kuuliza jamii yake ilipoteza nini hata ikamwachia mwenye sindano swali hilo peke yake.

Ushahidi mzuri zaidi wa hoja yangu ni Ed Hardy. Kijana huyu alihitimu mwaka 1967 katika Taasisi ya Sanaa ya San Francisco, akiwa amesomea uchapaji wa picha, akaikataa nafasi ya masomo ya juu Yale ili awe mchora tatuu. Steward, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Oakland, alikuwa mmoja wa waliomfunza. Alichomwonyesha ni kitabu cha tatuu za Kijapani. Mwaka 1973 Hardy alikwenda Japani kufanya kazi na fundi wa huko, na baadaye akawa miongoni mwa waliobadili sura ya sanaa hiyo Marekani. Mwalimu aliyeacha chuo alikuwa bado anafungua kitabu mbele ya mwanafunzi, akimwambia atazame.

Ningependekeza kitabu hiki kisomwe katika somo letu la wasifu na tawasifu, sehemu ya sababu za kuchorwa kwanza. Msomaji akifika hapo, aulize katika kila ukurasa ni nani anayesema na ni nani anayechorwa.