Albamu ya mwisho na wosia ambao haukuandikwa

KUNA tabia moja ya usomaji ambayo sisi wapenzi wa fasihi hatuwezi kuikana. Mtunzi akishaaga dunia, au kundi likishavunjika, tunairudia kazi ya mwisho na kuipekua neno kwa neno tukitafuta kwaheri. Tukiipata, twaridhika. Tusipoipata, twaitunga wenyewe.

Leo hebu tutoke kidogo kwenye riwaya na tenzi, twende Manchester, Uingereza. Huko ndiko ilikozaliwa bendi ya roki iitwayo The Smiths mwaka 1982. Morrissey aliandika maneno na kuyaimba, Johnny Marr akatunga muziki na kupiga gitaa, Andy Rourke akashika besi na Mike Joyce ngoma. Walirekodi chini ya Rough Trade, kampuni ndogo isiyomilikiwa na majabari wa biashara ya muziki, na hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya muziki wa ‘indie’ wakati huo, kabla neno hilo halijageuka kuwa jina la mtindo tu. Walitoa albamu nne za studio kati ya 1984 na 1987. Ya nne, Strangeways, Here We Come, ilichukua jina la gereza la mji wao. Ilipofika madukani Septemba 1987, bendi haikuwepo tena. Marr alikuwa ameondoka miezi michache kabla, hata miaka 24 hajatimiza.

Basi mashabiki waliinunua albamu hiyo kama watu waendao matangani. Ikapanda hadi nambari mbili katika chati za Uingereza. Na ukiisikiliza huku tayari unajua yaliyotokea, kila kitu kinaonekana kuaga. Wimbo mmoja unatanguliwa na piano ya huzuni na kelele za umati kwa karibu dakika mbili nzima kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wimbo wa mwisho, “I Won’t Share You”, unapita polepole, Marr akipapasa nyuzi za ala iitwayo autohapu. Mashabiki wamekuwa wakiapa tangu hapo kwamba wimbo huo ni Morrissey anamlilia Marr.

Tatizo ni kalenda. Albamu ilirekodiwa majira ya kuchipua ya 1987 katika studio ya Wool Hall, Somerset, na Marr alikuwa bado mwanabendi. Tena wimbo wa mwisho hasa kurekodiwa na The Smiths si huo. Ni “I Keep Mine Hidden”, uliorekodiwa baadaye, mwezi Mei, ili kujaza upande wa pili wa santuri ya wimbo mmoja. Ni wimbo mwepesi, karibu wa mzaha. Hakuna anayeulilia! Na kama kuna mtu bendi ilikuwa ikimuaga, basi ni Rough Trade, kwa sababu walikwisha kutia saini mkataba na EMI na albamu hii ndiyo deni la mwisho walilodaiwa. Bendi inayohamia kampuni kubwa haijifikirii kama maiti.

Msomaji wa Kiswahili anao mfano mzuri wa kulinganisha. Mwana Kupona alipotunga utendi wake karibu mwaka 1858, alikuwa mgonjwa na alijua. Anamwita bintiye, anamwambia aketi karibu, anatoa usia. Kifo kimo ndani ya matini yenyewe. Hatukuhitaji kuambiwa na mtu wa nje. Huo ndio wosia. Strangeways haina sauti ya namna hiyo. Kifo kimeletwa na msikilizaji, akakiweka mezani, kisha akashangaa kukikuta.

Je, mashabiki wamekosea basi? Sisemi hivyo, na sina hamu ya kuwa mhakiki anayewanyang’anya watu machozi yao. Mtunzi hana hatimiliki ya maana, hilo tumelikubali tangu Roland Barthes alipotangaza kifo chake katika miaka ya 1960. Ninachohoji ni gharama ya usomaji huo. Kuna kitu unachokificha.

Tazama lugha ya wimbo wa mwisho. Kiingereza kina ‘you’ moja tu, iwe ni mtu mmoja au uwanja mzima. Jaribu kuitafsiri anwani yake uone. Kiswahili kitakudai uamue palepale: ni ‘wewe’ au ni ‘nyinyi’? Nafsineni hasemi ni nani asiyetaka kumgawana na wengine. Huenda ni mpenzi, huenda ni rafiki, huenda ni mashabiki wenyewe. Mashabiki waliamua ni mmoja, tena ni Marr. Na tafsiri ya haraka haraka ingeweza hata kutupa ‘Sitagawana nawe’, ambalo ni kosa la kisarufi la kumfanya mtu apoteze alama kwenye mtihani. Lakini lo, kosa lenye ukweli ndani yake! Maana kilichokuja kuwafikisha watu hawa mahakamani ni kugawana.

Morrissey na Marr walikuwa wakichukua asilimia 40 kila mmoja ya mapato ya rekodi na maonyesho, Rourke na Joyce asilimia 10 kila mmoja. Joyce alishtaki, na mwaka 1996 jaji akaamua kwamba walikuwa washirika sawa, kila mtu robo yake. Rourke alikuwa ameshakubali malipo madogo nje ya mahakama. Sasa usomaji wa mashabiki ukoje? Ni hadithi ya wawili waliopendana kikazi wakaachana. Yaani hesabu ileile ya zamani, na wapiga besi na ngoma wamebaki na asilimia 10 ya machozi.

Usomaji huo pia unaficha kwamba hii ni albamu ya mwanzo. Wimbo wa kwanza hauna gitaa kabisa, na huyo mpiga gitaa ndiye aliyeipa bendi sauti iliyoigwa na wengi. Marr alikuwa amechoka kuwa kivuli cha nafsi yake. Anajaribu piano, anajaribu ala mpya, anaacha nafasi tupu ambapo zamani angejaza. Si kila jaribio limefaulu; nyimbo mbili tatu za katikati kwangu ni za kawaida tu. Lakini wote wawili, Morrissey na Marr, wamewahi kusema ndiyo wanayoipenda kuliko nyingine, na ukisikia uhuru wake huwezi kubisha sana.

Kejeli nzito zaidi imo katika “Paint a Vulgar Picture”, unaosimanga kampuni zinazochuma kwa kuzifungasha upya nyimbo za nyota aliyekufa. Baada ya katalogi yao kuuzwa kwa WEA mwaka 1992, mikusanyo ilianza kutoka mwaka huohuo, ikafuata mingine 1995, 2001 na 2008. Hapo kweli utadhani ni utabiri.

Rourke alifariki Mei 2023, akiwa na miaka 59. Nilipoirudia albamu hii baada ya hapo niliamua kuifuata besi peke yake. Katika “Death of a Disco Dancer”, wimbo unaokwenda kwa zaidi ya dakika tano, Morrissey mwenyewe anaingia kwenye piano, jambo asilolifanya popote pengine katika rekodi za bendi, naye anaigongagonga bila mpango. Gitaa linapotea njia. Chini kabisa besi inarudia msemo wake uleule, mara baada ya mara, na wimbo mzima umeiegemea.