Damu Isiyo Moto: Juu ya Istilahi za Ununuzi wa Farasi Wachanga

Hivi karibuni niliombwa kuipitia rasimu ya tafsiri ya mwongozo uliokusudiwa Wamarekani wanaonunua farasi wachanga Ujerumani na Uholanzi na kuwasafirisha kwao. Mfasiri ni mtu wa bidii, na Kiswahili chake ni safi. Hata hivyo pana mahali ambapo tafsiri yake ingemtia mnunuzi hasarani, na yafaa tupatazame, hata sisi ambao hatutanunua farasi maishani mwetu.

La kwanza ni jina la mnyama mwenyewe. Wajerumani humwita Warmblut, yaani, neno kwa neno, damu yenye joto. Basi mfasiri akaandika "farasi wa damu moto", na wale wazito wa kukokota mizigo akawaita "farasi wa damu baridi". Mwalimu yeyote wa elimu ya viumbe atashtuka. Darasani mnyama wa damu baridi ni chura, nyoka au samaki. Farasi wote, wazito kwa wepesi, wana joto la mwili la nyuzi 38 hivi. Neno la Kijerumani halisemi habari za joto bali za tabia na nasaba. Kaltblut ni wale wapole wa kukokota. Vollblut ni farasi wa Kiarabu na wale wa mbio wa Kiingereza. Na hawa wetu wamo katikati, mathalani wale wa Hannover, ambao zizi la serikali la kuwazalishia huko Celle lilianzishwa mwaka 1735.

Katika ukurasa mwingine, labda kwa kuona haya ya "damu moto", amewaita "farasi chotara". Hapa kosa limezidi. Farasi huyu ameandikwa katika daftari la nasaba, na dume hakubaliwi kuzalisha kwa ajili ya daftari hilo mpaka apitishwe na wakaguzi. Ni kweli kwamba madaftari mengi huipokea damu ya farasi wa mbio, lakini kwa idhini. Nasaba hiyo ndiyo anayoilipia mnunuzi. Ukimwita mnyama wake chotara, umemshushia bei kwa kalamu. Pendekezo langu ni "farasi wa damu ya kati". Sidai kwamba limetimia, maana "kati" huweza kudhaniwa kuwa ni kimo, lakini angalau halimpeleki msomaji kwa chura. "Wambladi", ambalo wengine hulipenda, lina kasoro yake: kesho mtu atautafuta umoja wake, apate "mwambladi".

La pili ni umri, nalo ndilo lenye fedha. Kanuni za Marekani huwataka farasi dume na jike waliopita siku 731, wakitoka katika nchi zenye ugonjwa wa kuambukiza wa uzazi uitwao kwa kifupi CEM, wakae karantini ya ziada ya majuma kadhaa, na gharama yake si ndogo. Walio chini ya umri huo husamehewa karantini hiyo, na waliohasiwa vilevile. Mfasiri ameandika "farasi wa miaka miwili". Lakini katika michezo ya farasi, kaskazini mwa dunia, umri huhesabiwa tangu tarehe 1 Januari ya mwaka wa kuzaliwa. Mtoto wa farasi aliyezaliwa Mei 2024 huitwa wa miaka miwili tangu Januari 2026, ilhali bado ana miezi minne ya kusafiri bila karantini hiyo. Mnunuzi anayeisoma tafsiri hii atadhani amechelewa. Hesabu ya siku na ibaki kama ilivyo.

Na aliyehasiwa? Rasimu yamwita "maksai". Mfugaji wetu akisikia maksai humwona ng'ombe wa plau. "Farasi aliyehasiwa" ni refu, lakini afisa wa forodha hatauliza maana yake.

Neno "kuagiza" nalo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Katika habari za biashara kwa jumla halina neno; katika mkataba, kuagiza, kusafirisha na kuingiza nchini ni mambo matatu, na farasi akifa ndegeni ni lazima ijulikane alikuwa wa nani.

Lililonipendeza ni dogo. Farasi ambaye hajafundishwa kupandwa, Waingereza husema kwamba hajavunjwa. Mfasiri hakumvunja mtu. Ameandika "hajatiwa lijamu".