Singeli kati ya Mtaa wa Temeke na Jukwaa la Tamasha: Uhakiki wa Neno Lisilosikika

Makala haya yanahakiki namna singeli, muziki uliokulia katika vigodoro vya Temeke, Manzese na mitaa mingine ya uswahilini jijini Dar es Salaam, inavyobadilika inapoingia katika matamasha makubwa ya mtindo wa kanivali. Mfano wetu mkuu ni Nyege Nyege, tamasha lililoanza mwaka 2015 huko Jinja, Uganda. Mjadala kuhusu matamasha ya aina hii umejikita katika maadili kwa upande mmoja, na katika mafanikio ya kimataifa kwa upande mwingine. Hoja yetu ni kuwa pande zote mbili zina upungufu uleule: zinausikia mdundo, hazilisikii neno.

Kwa mujibu wa Bakhtin, kanivali haina mpaka baina ya mtendaji na mtazamaji, na kwa muda mfupi huzivunja ngazi za jamii. Dhana hiyo inaoana na utamaduni wa Dar es Salaam. Mdundiko wa Wazaramo hautazamwi, bali hufuatwa. Hupita mtaa kwa mtaa ukizoa watu, na wazazi huwaonya watoto wasije wakaufuata wakapotea. Beni nayo, kama anavyoonesha Ranger (1975), iliazima gwaride, sare na vyeo vya kijeshi, ikawapa watu wa kawaida nafasi ya kuwa wafalme na majenerali ndani ya vyama vya Marini na Arinoti. Kwa hiyo, kanivali si ngeni katika mwambao huu. Kilicho kigeni ni uzio.

Temeke yenyewe inaudhihirisha uzio huo. Katika Viwanja vya Sabasaba, kando ya Barabara ya Kilwa, kila mwaka watu hulipa kiingilio, hutazama maonesho, kisha hurudi makwao. Huko Tandika au Mbagala, kigodoro hufanyika barabarani, kwenye harusi au shughuli ya kumtoa mwali, na anayepita hujikuta mshiriki. Anayeshika kipaza sauti huwataja wenye shughuli kwa majina, huusifu mtaa, huwatania wapinzani na kujibu kelele za wachezaji. Kauli huanzishwa na msanii na kumaliziwa na umati. Matini ya singeli, kwa hiyo, haikamiliki bila hadhira inayoielewa lugha yake.

Tamasha limebadili uhusiano huo. Mwaka 2017, kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na milango ya majukwaa ya Ulaya ikafunguka. Faida yake haipaswi kubezwa: vijana walioitwa wahuni nyumbani waliitwa wasanii ugenini. Hata hivyo, hadhira isiyojua Kiswahili hubakiwa na kasi peke yake, ambayo mara nyingi huzidi mapigo 200 kwa dakika. Fumbo, utani na malalamiko kuhusu ukosefu wa pesa hugeuka kuwa sauti miongoni mwa sauti. Mbele ya hadhira hiyo, neno halimlipi msanii. Kasi ndiyo inayomlipa.

Jina la tamasha linatoa ushahidi mwingine. Waandaaji hulieleza kwa maana ya Kiganda ya hamu ya ghafla ya kucheza, ilhali msikilizaji wa Kiswahili hulisikia neno *nyege*, lenye maana ya ashiki. Mwaka 2022 Bunge la Uganda liliagiza tamasha lisifanyike kwa sababu za kimaadili, kisha serikali ikaliruhusu kwa masharti. Lugha mbili za Kibantu zimekutana katika umbo moja lenye uzito tofauti wa kijamii, na maana yake haiwezi kuamuliwa bila kuuliza nani anasema, kwa nani, na wapi.

Swali hilohilo halijaulizwa kuhusu vigodoro, ambavyo viongozi wamevipiga marufuku kwa nyakati mbalimbali. Malalamiko ya majirani yana msingi: mgonjwa anahitaji usingizi, na mtoto hapaswi kukesha barabarani. Lakini marufuku huuhukumu mwili unaocheza bila kusikiliza kinachosemwa, kama vile tamasha linavyoushangilia mwili huohuo bila kusikiliza. Anayelaani na anayeshangilia wamekutana katika uziwi mmoja.

Wahakiki wa Kiswahili nasi tuna sehemu yetu. Tumeyachambua mafumbo ya taarabu kwa miongo mingi. Singeli tumewaachia zaidi wataalamu wa muziki na wa jamii. Tunahitaji matini zilizorekodiwa mtaani na kunukuliwa pamoja na majibu ya umati, majina yanayotajwa na miito ya wachezaji. Tunahitaji pia kuchunguza mkazo, ambao kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, unafanywaje katika kasi hiyo, na ni silabi zipi zinazomezwa. Kazi hiyo isipofanyika sasa, kumbukumbu itakayobaki ya singeli ni ile iliyochaguliwa na jukwaa: midundo iliyohifadhiwa vizuri, ya watu ambao hatutajua walikuwa wakisema nini.