Pensheni ya Marehemu: Si Yote Mirathi, Si Yote ya Aliyeandikwa

Kila anapofariki Mwislamu aliyekuwa mwajiriwa, maimamu wetu wa pwani ya Kenya huulizwa: pensheni yake ni ya nani? Majibu yanayozagaa ni mawili, na sisi tunaona yote mawili yana kasoro.

La kwanza ni kuwa aliyeandikwa katika fomu ndiye mwenye fedha zote. Wasemao hivi hushika kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya Kenya, kwamba mafao ya mwanachama aliyefariki hayaingii katika mali yake inayosimamiwa mirathi, bali wadhamini huyalipa kwa kanuni za mfuko. Lakini kifungu hicho kinaeleza nani akabidhiwe, hakifuti faradhi aliyoiweka Allah (s.w.). Mume akimwandika mke mmoja na kumwacha mwenzake, haki ya yule wa pili ingalipo. Na tukiihesabu fomu kuwa ni wasia, mrithi hausiwi ila warithi wenziwe waridhie.

La pili ni kuwa kila shilingi ni mirathi, hata ile anayolipwa mjane kila mwezi baada ya mumewe kufa. Hili nalo ni kosa. Kinachorithiwa ni alichokimiliki marehemu. Imam al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijria), naye ni katika wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza katika al-Ahkam as-Sultaniyya kuwa askari akifa, posho aliyokwisha kuistahiki hurithiwa, nayo ni deni juu ya Baitul-Mali. Ama matumizi ya watoto wake baada ya hapo, mafakihi wamekhitalifiana kama yaendelee au yakatike. Hakuyafanya mirathi.

Kwa kipimo hicho, michango iliyokatwa katika mshahara, na kila kilichokwisha kuwa haki ya marehemu, ni tarika. Baada ya mazishi, madeni na wasia, mke hupata 1/8 akiwapo mtoto wa marehemu, au 1/4 asipokuwapo. Wakiwa wake wengi hushirikiana fungu hilo. Mume hupata 1/4 au 1/2 (Suratun-Nisaa, 4:12). Ama anachokitoa mwajiri au serikali kwa hiari yake kumpa mjane au mayatima, hicho ni cha aliyepewa, na ndugu wa marehemu hawana fungu humo.

Tusisahau kisa cha Saad bin Rabii (r.a.), aliyeuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria. Ndugu yake alichukua mali yote, mjane akamshitakia Mtume (s.a.w.). Akaamuru mabinti wawili wapewe 2/3, mama yao 1/8, na kilichobaki ndicho cha ndugu.

Basi imamu asigawe wala asifutu kabla ya kuziona kanuni za mfuko, na penye mgogoro jambo lipelekwe kwa Kadhi. Kumnyima mjane fungu lake ni dhulma, na kumpa la wengine ni dhulma vilevile.

Wallahu a'lam.