Pongezi kwa Wakaguzi wa Usalama Kazini

Ajali iliyozuiwa haiandikwi gazetini, ndiyo maana wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali ulioanzishwa Tanzania mwaka 2001, husifiwa mara chache. Nawapongeza kwa moyo wote. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inawapa uwezo wa kuingia kiwandani au kwenye ujenzi na kusimamisha kazi yenye hatari. Hukagua majukwaa ya mafundi, boila, nyaya, mikanda ya mashine isiyo na kinga. Kinachonigusa zaidi ni upimaji wa afya za wafanyakazi, kwa sababu vumbi la mawe mgodini hula mapafu kimyakimya kwa miaka kabla mchimbaji hajahisi chochote. Na waongezewe magari ili wafike upesi: fundi anayepaka rangi ghorofa ya nne bila mkanda wa usalama anawahitaji leo.