Gari Inakula Oili: Namna ya Kumjua Fundi wa Kweli

Gari nyingi za Unguja zimeshuka bandarini zikiwa tayari zimetembea Japani miaka mingi, kwa hiyo moshi wa buluu nyuma ya Noah kwenye foleni ya Darajani haumshangazi mtu. Kinachomtia mtu hasara ni fundi wa kwanza anayempelekea gari. Mmoja atakwambia papo hapo, "Ringi zimekwisha, tufungue injini." Mwingine atakuuliza unaongeza oili kiasi gani, na kila baada ya kilomita ngapi. Huyo wa pili mshike. Katika kazi hii ufundi huonekana kabla spana haijaguswa.

Anaanza kwa kipimo

Fundi makini huiweka gari mahali palipo sawa, akaiacha ipoe, akajaza oili hadi alama ya juu ya stiki na kuandika kilomita. Kisha hukuachia uende zako. Safari nane za mjini hadi Nungwi, kwenda na kurudi, zinakaribia kilomita 1,000. Ukirudi ataongeza oili kwa chupa yenye vipimo, na kilichopungua chupani ndicho kilicholiwa. Kwa kulinganisha, Toyota ya Marekani iliweka mpaka wa takriban lita 1 kwa kilomita 2,000 kwa injini zake za 2AZ-FE. Ikizidi hapo, ilihesabiwa kuwa ni kasoro.

Anatafuta nje kabla ya ndani

Oili iliyopungua si lazima iwe imeungua. Ataingia chini ya gari aitazame sampu, hasa kwa gari inayolala karibu na pwani, maana chumvi hula chuma. Atapapasa sili za kreki na gasketi ya kifuniko cha tapeti. Halafu atachomoa valvu ya PCV, kile kidude kinachotoa mvuke ndani ya injini na kuurudisha kwenye hewa inayovutwa. Aina nyingi ukizitikisa hulia. Ikiwa kimya, imeganda kwa uchafu, na ikiganda, oili husukumwa isikotakiwa. Bei yake si kitu mbele ya gharama ya ovahoo. Fundi anayeiruka hajaanza kazi.

Anausoma moshi

Moshi unaotoka asubuhi ukiwasha, kisha ukakatika, aghalabu ni sili za valvu: oili imechuruzika usiku kucha. Moshi unaozidi kila ukikanyaga mafuta huelekeza kwenye ringi. Kisiwa chetu ni tambarare, kwa hiyo anayejua hutafuta mteremko, kama upande wa Masingini. Mtashuka mguu ukiwa nje ya mafuta. Mkifika chini utakanyaga, na wingu likitoka ghafla, sili ndizo za kushukiwa kwanza.

Baada ya hapo atapima kompresheni, silinda moja moja. Iliyo chini ataitia oili kidogo kupitia tundu la plagi na kuipima tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, atazame valvu. Hapa ndipo fundi wa kati na fundi bingwa wanapoachana, kwa sababu injini inaweza kuwa na kompresheni nzuri na bado ikala oili. Ringi za juu huwa zinabana sawasawa, kumbe ringi ya oili iliyo chini yake imegandia ndani ya pistoni.

Akifungua, kaa utazame

Ugonjwa huo unajulikana sana kwenye 1ZZ-FE za awali, injini ya lita 1.8 inayopatikana kwenye Allion, Premio, Wish na baadhi ya RAV4. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo, yakaziba kwa masizi. Baadaye Toyota ikabadili pistoni. Anayeweka ringi mpya bila kuzibua matundu hayo atakuona tena gerejini kwake.

Omba uoneshwe pistoni. Mifereji ya ringi iwe safi, na mwanga upite kwenye matundu. Ndani ya silinda pawe na mistari myembamba inayokatana, alama ya jiwe, kwa kuwa ukuta unaong'aa kama kioo haushiki oili. Pitisha ukucha karibu na ukingo wa juu. Ukikwama kwenye ngazi, silinda imelika, na ringi peke yake hazitatosha. Mdomo wa ringi upimwe ndani ya silinda kwa filageji: kwenye silinda ya milimita 79 kama ya 1ZZ, takriban milimita 0.3. Wakati wa kufunga, midomo isipangwe kwenye mstari mmoja.

Wa kumkimbia

Mkimbie anayekupa oili nzito au dawa ya chupa na kusema gari imepona. Moshi hufichika kwa muda, muda unaotosha kumuuzia mtu gari. Mkimbie pia asiyetaka kukurudishia spea alizotoa.

Bingwa utamtambua hata kwa kazi anayoikataa. Gari inavuta vizuri, plagi hazilowi oili, kipimo kiko chini ya ule mpaka: atakwambia uweke lita moja ya akiba kwenye buti na uangalie stiki kila Ijumaa. Ameikosa pesa ya ovahoo leo. Siku injini itakapohitaji kufunguliwa kweli, mpelekee yeye.