Kitalu Kinachochimbwa Chini

Penye mvua ya kutosha, bustani ya mboga huinuliwa. Uingereza, mkulima Charles Dowding amewafundisha wengi kutandaza makatoni juu ya nyasi za uani, kumwaga mboji juu yake na kupanda bila kulima. Nyasi hufa kwa kukosa mwanga, zikaoza pale pale zilipo, na tuta lililoinuka hupitisha maji ya ziada yasije yakaozesha mizizi.

Wadi ya Lopur, Turkana Magharibi, haina nyasi za kufunika wala maji ya ziada. Lodwar, makao makuu ya kaunti ya Turkana, hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, na hata hizo huja kwa fujo, zikajaza laga, yaani mito ya msimu, na kupotea. Ukiinua tuta hapa, jua na upepo vitalikausha kutoka kila upande. Ndiyo maana mkulima hodari wa pande hizi huchimba kwenda chini, na ufundi wake wa kuandaa kitalu unastahili kutazamwa bila haraka.

Kwanza huikagua ardhi. Palipo na ukoko mweupe wa chumvi hupapita. Hutafuta mahali penye kivuli cha alasiri, karibu na bomba au kisima, mbali na njia ya mafuriko. Kisha hupima upana usiozidi mita moja, mkono ufike katikati kutoka kila upande, kwa sababu udongo wa kitalu haukanyagwi tena baada ya siku hiyo.

Wakati wa kuchimba, udongo wa juu huwekwa upande wake na wa chini upande wake. Ule wa juu, hata ukiwa mwembamba, ndio wenye rutuba, nao utarudi shimoni. Wa chini hushindiliwa pembeni uwe ukingo wa kuzuia upepo na maji. Kina kikifika karibu na goti, sakafu hutifuliwa kwa sururu. Mvivu angeiacha hatua hii kwa kuwa haionekani kitalu kikishajazwa, lakini maji yakituama juu ya sakafu ngumu, jua huyavuta juu pamoja na chumvi, na miche hukauka ncha za majani ilhali imenyweshwa.

Halafu ni zamu ya samadi. Mbuzi wapo tele Turkana, ila samadi ya bomani haiingizwi kitaluni ikiwa mbichi. Huunguza miche, tena hubeba mbegu za mathenge, mti vamizi. Mbuzi hupenda maganda ya mti huo, na mbegu zake ngumu hupita tumboni zikiwa salama. Basi samadi hurundikwa, hunyunyiziwa maji, hufunikwa na kugeuzwa kwa majuma kadhaa. Mche wa mathenge ukichomoza kwenye lundo, hung'olewa ungali na majani mawili, kabla mzizi haujashika. Samadi iliyoiva haina harufu kali, na ukiifinya kiganjani inapukutika.

Udongo wa juu ukishachanganywa na samadi na kurudishwa, uso wa kitalu hubaki chini ya usawa wa ardhi. Hapo humwagwa ndoo ya maji polepole, na mkulima huchuchumaa kuyaangalia. Yakikimbilia kona moja, kona hiyo huongezwa udongo. Yakikwepa mahali, hapo hukwanguliwa kwa kiganja. Hurudia hivyo mpaka maji yatulie kimo kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwinuko mdogo tu unatosha kukusanya chumvi, na bonde dogo linatosha kuzamisha mbegu za mchicha. Hapa jicho hufanya kazi ya pimamaji.

Wazo la kupanda pale maji yanapotulia si geni hapa. Wanawake wa Kiturkana wamepanda mtama kwa vizazi vingi kwenye tambarare za mito baada ya mafuriko kupungua, na katika miaka ya 1980 kingo za udongo zilijengwa Turkana ili kunasa maji ya mvua kwa ajili ya mtama. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa Turkana Magharibi mwaka 1992, imeleta wakulima kutoka Sudan Kusini, Kongo na Burundi, watu waliozoea jembe. Kunde, bamia na sukuma wiki huota ndani ya ua wa miiba kwa maji ya ndoo chache.

Mbegu za msaada hugawanywa kwa asubuhi moja, na mara nyingi hiyo ndiyo sehemu ya kazi inayopigwa picha. Lakini mbegu hukuta kitalu kimeshaamua mengi: maji yakae wapi, chumvi iende wapi, mzizi upite wapi. Anayetaka kuzisaidia familia za Lopur zile mboga zao wenyewe aanze na sururu, samadi iliyoiva na majuma ya kungoja, na ampe heshima fundi anayejua kusawazisha udongo kwa ndoo moja ya maji.